Taa ya Oili: Kuizima ni Kazi Moja, Kubadili Oili ni Kazi Nyingine

Madereva wa mashamba ya chai, pamoja na wenzao wa viwandani wanaoendesha magari ya kubeba majani na ya kubeba watu, wametuomba tueleze habari ya taa ya oili. Maswali yaliyotufikia ni mengi, lakini yote yanazunguka jambo moja: taa imewaka, fundi wa mjini anataka fedha ili aizime, je, hatuwezi kuizima wenyewe nyumbani? Wenzetu waliochanga fedha kwenye chama cha akiba wakanunua teksi au gari dogo la abiria nao wanauliza hilo hilo.

Jibu ni kwamba inawezekana. Ni kazi ya dakika moja, wala haihitaji spana. Lakini kabla ya kueleza kidole kinabonyeza wapi, hapana budi tueleze ni taa ipi inayozungumzwa, kwa maana ziko mbili. Mtu anayezichanganya anaweza kuua injini na kupoteza kazi siku moja.

Taa ya kwanza ni nyekundu. Ina picha ya kopo la oili lenye mdomo mrefu, na tone linadondoka mdomoni. Taa hii haizimwi kwa kitufe chochote, na fundi akikuambia anaweza kuizima bila kufungua boneti, mwambie akuonyeshe ana nia gani. Ndani ya injini iko pampu inayovuta oili kutoka kwenye sampo na kuisukuma kwa nguvu hadi kwenye beringi za krenki na sehemu za juu za injini. Kwenye bloku imefungwa swichi ndogo inayosikiliza msukumo huo. Msukumo ukishuka mno, swichi inaunganisha waya na taa inawaka.

Tuangalie vizuri hapo. Taa nyekundu inapima msukumo, haipimi wingi wa oili. Oili inaweza kupungua polepole kwa mwezi mzima na taa isiseme neno, mpaka siku pampu inapovuta hewa badala ya oili. Kwa hiyo inapowaka, haikuambii kwamba hatari inakuja. Hatari imekwisha kufika. Chuma kinasugua chuma, beringi zinayeyuka, na injini inanoki. Dereva anayesema "nifike pale mbele kwenye kituo" huenda akafika, lakini injini atakayofika nayo itakuwa ya kuuzwa kwa kilo. Weka gari pembeni, zima injini, ndipo uanze kuuliza sababu.

Sababu ni nyingi. Jiwe la barabara ya moramu limepasua sampo, nati ya sampo imelegea, oili imekwisha au imekuwa nyepesi kama maji, filta ya bei rahisi imeziba, pampu imechoka. Wakati mwingine ni ile swichi yenyewe imeharibika, na hiyo ni kitu kidogo cha bei ndogo. Lakini usianze kwa kudhani ni swichi kwa sababu tu ndiyo dawa rahisi. Fundi wa kweli ataifungua swichi, atafunga geji ya kupimia msukumo mahali pake, kisha atasoma.

Iko njia ya kuijaribu taa hii kila asubuhi bila gharama. Zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa nyekundu lazima iwake. Washa injini, nayo lazima izime baada ya sekunde chache. Kama haikuwaka kabisa ufunguo ukiwa ON, usifurahi. Balbu imekufa, au waya umekatika, au kuna mtu ameukata. Tumeona gari lililouzwa likiwa na tepu nyeusi imebandikwa nyuma ya dashibodi, mahali pa taa ile. Aliyenunua alikuwa akimshukuru Mungu kwa injini isiyo na taa.

Sasa taa ya pili, ambayo ndiyo iliyoleta maswali. Hii aghalabu ni ya manjano. Katika baadhi ya Toyota inaandikwa "MAINT REQD", katika magari mengine iko picha ya spana, au maneno ya kudai oili ibadilishwe. Taa hii ni ya kumbukumbu tu. Ndani yake iko hesabu ya kilomita tangu siku ilipozimwa mara ya mwisho, na hesabu ikitimia, inawaka. Katika magari ya kawaida haiijui oili hata kidogo. Haijui kama ni nyeusi, haijui kama ni nyingi, haijui kama uliibadili jana. Ni kama karani wa getini anayeandika nani kaingia: daftari lake halisemi nani amefanya kazi. Yako magari mapya zaidi yanayopiga hesabu kwa joto la injini na namna linavyoendeshwa, mengine yanaonyesha maisha ya oili kwa asilimia, lakini hayo nayo hukisia kwa hesabu, na mtu akiizima taa bila kumwaga oili, yanaamini.

Si kila gari lina taa hii. Mengi ya magari yetu yalitumika Japani kwanza, ndipo yakaletwa kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hapa Uganda sheria ya mwaka 2018 iliweka mwisho wa miaka 15. Gari la umri huo linafika bila kitabu, au na kitabu cha maandishi ya Kijapani ambacho hakuna mtu kambini awezaye kukisoma. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye fremu. Mara nyingi utakuta karatasi ndogo iliyobandikwa na gereji ya huko, yenye tarehe na kilomita za kubadili oili. Maneno hutayaelewa, lakini tarakimu ni zile zile tulizofundishwa darasa la kwanza.

Basi, namna ya kuizima taa ya manjano kwenye Toyota zilizo nayo ni hii. Washa ufunguo hadi ON, injini isiwake. Tafuta kitufe cha kubadilisha hesabu ya kilomita, kile cha ODO na TRIP, ukibonyeze mpaka kioo kionyeshe ODO, yaani kilomita zote za gari. Zima ufunguo. Sasa bonyeza kitufe kile kile na ukishikilie, wala usikiachie, huku mkono wa pili ukizungusha ufunguo hadi ON. Endelea kukishikilia. Taa itawaka au kupepesa, na kioo kitaonyesha mistari inayopungua au sifuri. Ikifika sifuri, achia. Washa injini uone kama taa imezima. Kama haikuzima, rudia, safari hii ukianza kioo kikiwa TRIP A, maana aina hazifanani. Gari lisilo na ufunguo wa kuzungusha, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki, nalo litakuwa ON.

Volkswagen, ambazo zilianza kuunganishwa Thika mwaka 2016 na Kigali mwaka 2018, nyingi hufuata mkono unaofanana na huo. Kitufe cha 0.0 kinashikiliwa ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ufunguo unawashwa hadi ON, na kioo kinaonyesha habari ya huduma. Hatua inayofuata inategemea aina, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako.

Wenye pikapu na mabasi madogo ya dizeli wamechanganya taa nyingine hapa. Ile iliyoandikwa "T-BELT" si ya oili. Inadai mkanda wa ndani wa injini ubadilishwe, kwa kawaida ikifika kilomita 100,000, na katika baadhi ya injini mpya zaidi 150,000. Nayo inaweza kuzimwa. Katika baadhi ya magari ya zamani kuna kitobo chenye kifuniko cha mpira kwenye kioo cha dashibodi, na kitufe kiko ndani. Lakini anayeizima bila kubadili mkanda ajue kwamba mkanda ukikatika, pistoni zitagonga valvu, na hapo hakuna oili itakayosaidia.

Tukubaliane basi kwamba taa ya manjano inazimwa baada ya oili kubadilishwa, na kubadili oili pia ni kazi inayofanyika nyumbani. Tunaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Pasha injini kidogo ili oili iwe nyepesi, kisha izime. Gari likae mahali tambarare. Ukihitaji kulinyanyua, weka mawe au magogo kwenye magurudumu yanayobaki chini, na chini ya chasi weka stendi za chuma au vipande vya mti mgumu vilivyopangwa vizuri. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Mtu asilale chini ya gari bila mwenziwe kuwa karibu.

Weka beseni. Nati ya sampo ya Toyota ndogo nyingi inafunguliwa kwa spana namba 14. Oili ya moto inaunguza, kwa hiyo legeza kwa spana, malizia kwa vidole huku mkono umeukwepesha. Iache imalizike kutiririka, watu wengi wana haraka hapa. Fungua filta ya zamani, na hakikisha mpira wake haukubaki umeganda kwenye bloku, kwa maana mipira miwili ikikutana oili itatoka yote barabarani. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana haitakiwi kwenye filta. Rudisha nati ya sampo na washa yake, kaza kwa kiasi. Nyuzi za sampo zikiisha utajuta.

Oili unayotia iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji. Kwenye kopo kuna herufi: zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Kiasi nacho kifuate injini. Injini ya Toyota ya 1NZ ya lita moja na nusu, ambayo ni nyingi sana katika teksi zetu, inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Fundi anayeuza lita 5 na kuzitia zote hakufanyi wema, maana oili ikizidi inapigwa povu na krenki, na povu halisukumiki vizuri. Tia, washa injini, tazama taa nyekundu inavyozima, chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri dakika chache, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe katikati ya alama mbili au karibu na ile ya juu.

Kopo tupu litobolewe kabla ya kutupwa. Wako watu wanaookota makopo mazuri, wanachuja oili kuukuu kwa kitambaa, wanaiuza kama mpya.

Wengi huuliza ni kilomita ngapi. Katika vumbi na milima yetu, 5,000 ni hesabu nzuri kwa magari mengi. Gari linalotembea kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, linafanya 1,560, kwa hiyo oili itadumu kama miezi mitatu. Lakini magari ya chai yana ugonjwa wake. Yanakaa kwenye mizani injini ikinguruma, saa nzima na zaidi, yakingoja majani yapimwe. Injini inafanya kazi, oili inachoka, ila kilomita hazisogei na taa ya manjano haihesabu chochote. Gari la namna hiyo libadilishwe oili mapema kuliko taa inavyosema. Waajiri hawapendi kusikia hili, kwa kuwa oili ni fedha inayotoka leo na injini ni fedha itakayotoka siku nyingine, labda chini ya meneja mwingine.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la chama, si la gereji tu.

Tuliitwa katika shamba moja kusikiliza shauri la dereva wa pikapu. Gari hilo lilifanya kazi zote: kupeleka wasimamizi asubuhi, kuleta posho, na usiku kupeleka wagonjwa hospitali. Taa ya manjano iliwaka. Dereva aliripoti. Mkuu wa usafiri alijibu kwamba stoo haina oili mwezi ule, na fundi wa kampuni akaizima taa. Ikaja kuwaka tena, ikazimwa tena. Usiku mmoja dereva alikuwa akimpeleka mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, na mlimani taa nyekundu ikawaka. Akapiga simu. Akaambiwa aendelee. Akatazama nyuma alipolala yule mama, akaendelea. Injini ilinoki kabla ya kufika. Mama alimaliziwa safari kwa pikipiki, ameshikwa katikati na mkunga, akajifungua salama asubuhi.

Mwezi uliofuata dereva alikuta mshahara umekatwa. Kampuni ilisema injini ni uzembe wake, atailipa kidogo kidogo. Kwa mshahara wake angelipa kwa miaka.

Kamati ya tawi iliomba vitu viwili: daftari la stoo na daftari la safari za gari. Daftari la stoo lilionyesha kwamba mara zote mbili taa ilipozimwa, hakuna oili iliyotolewa kwa gari lile, hata lita moja. Daftari la safari lilikuwa halijajazwa vizuri, na wakubwa wakadhani hapo wameshinda. Ndipo dereva akatoa daftari lake mwenyewe, la shule, la mwanawe, lenye hesabu za kujumlisha kurasa za mbele na maandishi yake kurasa za nyuma. Tarehe, kilomita, na maneno: nimeripoti taa, nimeambiwa itazimwa. Mwandiko mbaya, lakini tarehe zililingana na zile za fundi.

Makato yalisimamishwa, na yale yaliyokatwa yakarudishwa. Dereva alipewa barua ya onyo kwa kuendesha gari taa nyekundu ikiwaka. Barua hiyo hatukuipenda, na tuliuliza ni nani aliyepokea simu ile ya usiku na yeye amepewa barua gani. Hatukujibiwa.

Wenzetu wafahamu sheria inasimama wapi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya chama na mwajiri, au na uamuzi wa usuluhishi. Majirani zetu wameandika wazi zaidi. Tanzania, katika sheria ya ajira ya mwaka 2004, mwajiri anayetaka kukata kwa ajili ya hasara lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokipata, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kenya, katika sheria ya mwaka 2007, makato ya mali iliyoharibika yanaruhusiwa kwa kiasi cha haki tu, pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Hapa Uganda, sheria ya ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuingia na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe. Madereva wengi huingia ofisini peke yao, wanasomewa karatasi ya Kiingereza, wanaweka sahihi. Msifanye hivyo. Mwiteni mjumbe wa tawi.

Jambo la mwisho ni oili chafu. Ukiigusa kila siku inadhuru ngozi, na kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi. Nawa kwa sabuni, usinawe kwa petroli, na usiweke kitambaa chenye oili mfukoni mwa suruali. Usiimwage kwenye mfereji unaoshuka mtoni, maana mto huo ndio tunaochotea maji kambini. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko uipeleke kwenye gereji inayoikusanya.

Matawi yanayotaka mfano wa daftari la dereva watuandikie. Lina safu sita: tarehe, kilomita, taa iliyowaka, nani ameambiwa, amejibu nini, na sahihi yake. Akikataa kuweka sahihi, andika kwamba amekataa, na umtaje aliyekuwapo.